Serikali ya Wanafunzi Katika Shule Mpya: Moyo wa Shule Hutoka Wapi?



Shule mpya za sekondari zimeota kila mahali katika sehemu zetu. Nyingine zilijengwa kwa pesa za CDF, nyingine kwa harambee, na nyingine kwa jasho la makanisa. Wazazi huuliza kwanza habari za madarasa, walimu, maji na karo, na ni haki yao. Lakini liko swali lingine tunalolisikia sana baada ya ibada na katika mikutano ya wazazi, na watu huliuliza kwa wasiwasi: "Mwalimu mkuu anasema watoto watapiga kura na kuunda serikali yao. Sasa hii si siasa? Si watoto wasome tu?"

Tumeona ni vizuri tulijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu likijibiwa vibaya mwaka wa kwanza wa shule, kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu.

Kwanza, jambo hili si mchezo wa mwalimu mkuu mmoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataja baraza la wanafunzi waziwazi. Inasema kwamba katika bodi ya usimamizi ya shule, pamoja na wawakilishi sita wa wazazi, mwakilishi wa walimu, watatu wa mfadhili (mara nyingi kanisa) na wengineo, awepo pia mwakilishi wa baraza la wanafunzi, ambaye huingia kwa wadhifa wake. Kwa hivyo mtoto anayeketi pale mwisho wa meza akiwa na daftari si mgeni aliyealikwa kunywa chai. Ni mahali pake. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka wa 2009, Wizara ya Elimu, wakuu wa shule za sekondari na UNICEF walikuwa wamekwisha kuanzisha baraza la wanafunzi la nchi nzima, ili shule ziache kuteua viranja gizani na zianze kuwachagua kwa kura.

Tumeona tueleze walivyofika hapo, maana historia yenyewe ni ya uchungu.

Viranja tulivyowajua wengi wetu

Mtindo wa viranja ulitoka Uingereza. Huko Thomas Arnold, aliyeongoza shule ya Rugby toka 1828 hadi 1842, aliwapa vijana wa darasa la juu mamlaka juu ya wadogo wao. Mtindo huo ukaja na wamisionari, ukaingia katika shule zetu za kwanza, kama vile Alliance iliyofunguliwa 1926, na kutoka hapo ukaenea hadi shule ndogo kabisa za harambee. Mwalimu mkuu na walimu wake walikaa, wakaandika majina, na Jumatatu majina yakasomwa. Kiranja alipewa sweta ya rangi nyingine, chumba chake bwenini, na foleni ya chakula haikumhusu. Alikuwa sikio la walimu na mara nyingi mkono wao pia. Aliweza hata kuchapa.

Wako waliofaidika na mtindo huo, tusiseme uongo. Lakini wanafunzi waliobaki walimwona kiranja kama askari kanzu. Mwezi wa Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa katika chumba chao cha kulala wakachomwa moto. Wanne, watoto wa watu, wakafa. Machi 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67. Mwaka huo huo serikali iliunda kamati chini ya Naomi Wangai kuchunguza fujo za shuleni. Moja ya sababu ambazo kamati hiyo ilitaja ni kwamba wanafunzi na wakubwa wao hawakuwa na njia ya kuzungumza. Mwaka wa 2008 migomo ililipuka tena katika shule nyingi mno. Ndipo 2009 ikafuata.

Hatusemi kwamba kura za wanafunzi huzima moto. Shule zenye mabaraza zimewahi kuchomwa pia. Tunalosema ni kwamba mtoto asiye na mahali pa kusema "maharagwe yana wadudu" hatanyamaza milele. Atalisema, na huenda lugha atakayotumia siku hiyo ikawa mbaya.

Shule mpya haina wakubwa

Sasa tuje kwa shule mpya, maana hapa mambo ni tofauti kabisa.

Katika shule ya zamani desturi hujifundisha zenyewe. Mtoto anafika na sanduku lake na godoro, na kabla jua halijatua amekwisha kuonyeshwa na wale wa mbele mahali pa kuanika nguo, wimbo wa shule, mwalimu wa kuogopwa na mwalimu wa kukimbilia. Shule mpya ina darasa moja tu, na wote ni wageni. Hakuna wa kumwiga. Mtaala wa sasa nao umepunguza muda, kwani sekondari ya juu ni miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi ya 12, siyo minne kama zamani. Wale wa kwanza wataondoka kabla rangi ya ukutani haijachakaa. Watakachoacha ndicho wenzao watakachoita "desturi ya shule yetu".

Hapo ndipo wakuu wengi wa shule mpya hukimbilia sare, nembo, wimbo na neno la shule la Kilatini. Havina ubaya. Hata sisi tunapenda tai iliyofungwa vizuri. Lakini tumekaa na wanafunzi wa shule za namna hii, na ukiwauliza ni siku gani walianza kusema "shule yetu" badala ya "hii shule", hawakutajii siku ya sweta. Watakutajia siku walipomaliza kuchimba shimo la takataka, au siku walipoomba saa ya prepu ibadilishwe na ikabadilishwa kweli. Moyo wa shule huzaliwa pale wanafunzi wanapoamua jambo, hata dogo, wakalifanya au likafanywa, nao wakaona kwa macho. Bila hilo, wimbo ni kelele tu.

Shule ya Starehe, Nairobi, ilianza 1959 na mabanda mawili ya mabati. Geoffrey Griffin, aliyeianzisha pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, na kuiongoza hadi alipofariki 2005, aliweka desturi ya baraza ambapo mvulana angeweza kusimama mbele ya wote akauliza swali au kutoa lalamiko, naye akajibiwa. Haikuhitaji jengo wala pesa. Ilihitaji mkubwa mwenye ngozi ngumu kidogo. Shule hiyo leo ina jina kubwa, na desturi ile ilianza wakati haikuwa na kitu.

Kamati ndizo zinazofanya kazi

Baraza zima likikutana bila kamati, litazungumza tu. Kazi hufanywa na kamati. Shule ya watoto mia moja haihitaji kamati kumi, jamani. Nne zinatosha: chakula, usalama, usafi pamoja na maji, na michezo pamoja na burudani. Masomo yawe ajenda ya baraza lenyewe.

Tuanze na chakula, kwa sababu ndicho huleta maneno mengi. Watoto wakisema githeri ni kidogo, mwalimu mkuu husikia uasi. Basi awape kamati ya chakula ufunguo wa kuona. Waingie stoo na mwalimu wa zamu mara moja kwa wiki, wapime, waandike. Tuseme shule ina wanafunzi 120 na kila mmoja amepangiwa gramu 200 za githeri kavu, mahindi mafungu mawili na maharagwe fungu moja. Kwa siku ni kilo 24, yaani mahindi kilo 16 na maharagwe kilo 8. Gunia la mahindi la kilo 90 linaisha kabla ya siku ya sita kwisha. Hesabu hii ikiandikwa ubaoni na mwanafunzi mwenyewe, wenzake watamwamini kuliko hotuba tatu za mwalimu. Na ikiwa gunia linaisha siku ya nne, kumbe kuna mahali mahindi yanapita, na hapo si watoto wanaopaswa kutoa jasho.

Huo ndio ugumu wake. Kamati ya kweli huona mambo. Mkuu asiyetaka mambo yaonekane ataunda kamati ya kupanga viti siku ya wazazi, na hiyo ndiyo serikali ya wanafunzi ya karatasi. Wanafunzi huitambua upesi sana kuliko tunavyodhani.

Kamati ya pili ni ya usalama, na hii hata kwa shule ya kutwa tungeiweka. Kwa shule yenye bweni hatuoni jinsi ya kukaa bila hiyo. Machi 1998 wasichana 26 walikufa Bombolulu, katika bweni lenye vyuma madirishani. Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Wizara ilitoa kitabu cha viwango vya usalama mwaka wa 2008, na mambo yaliyomo yanaweza kupimwa na mtoto mwenye futi kamba: milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2 na njia ya kupita isipungue mita 2. Kamati ipime kila mwanzo wa muhula, maana vitanda huongezwa kimya kimya wanafunzi wanapoongezeka. Iandike matokeo, na nakala moja iende kwa bodi. Vilevile ijue ufunguo wa bweni unakaa wapi usiku na kwa nani. Mzazi ukitembelea shule, muulize mtoto swali hilo moja. Akijibu bila kufikiri, kamati inafanya kazi.

Jambo la kuangalia sana: kamati ya usalama isigeuzwe kuwa kamati ya ujasusi. Kazi yake ni milango, taa, maji na moto. Nani alivuka ua kwenda sokoni ni kazi ya mlinzi na mwalimu wa zamu. Mkichanganya hayo mawili mmerudi kwa yule kiranja wa zamani. Na hakuna mwanafunzi, kiranja au mwanabaraza, mwenye ruhusa ya kumpiga mwenzake. Viboko viliondolewa shuleni mwaka wa 2001 hata kwa walimu, na sheria ya 2013 ikarudia kuvikataza.

Usafi na maji hautachukua nafasi kubwa hapa. Choo kimoja kwa wasichana 25, kimoja kwa wavulana 30, ndicho kipimo. Kamati ihesabu, ipange zamu za kuosha, na wanabaraza wenyewe waoshe kama wengine. Kiongozi asiyeshika fagio tumeshakuwa nao wa kutosha nchini.

Majibu matatu

Yako mambo mawili ambayo tukipewa nafasi tungeyaandika ukutani katika ofisi ya kila mwalimu mkuu.

La kwanza ni kitabu cha mikutano. Kila ombi la baraza liandikwe, pamoja na tarehe, na kila ombi lipate moja ya majibu matatu: ndiyo, hapana, na sababu yake, au bado, na tarehe ya kujibu. Mkutano ujao uanze kwa kusoma majibu hayo. "Hapana" haivunji moyo wa watoto. Mtoto anajua pesa hazitoshi, hata nyumbani hazitoshi. Kinachovunja moyo ni "tutaona", inayosemwa mwezi wa pili, wa tatu, na wa nne. Baada ya hapo katibu huacha kuandika na wenzake huacha kuja.

La pili ni pesa kidogo. Shilingi 3,000 kwa muhula, hata 2,000, ambazo baraza linaamua matumizi yake na kuleta risiti. Watakosea? Huenda wakanunua mpira wa bei rahisi upasuke wiki ya pili. Basi muhula unaofuata watauliza bei ya mpira mzuri, na mweka hazina wenu wa kigango wa mwaka 2040 atakuwa amepatikana.

Juu ya uchaguzi, ushauri wetu ni msiharakishe. Wiki ya kwanza watoto wanajuana kwa vijiji na kwa shule walizotoka. Mkipiga kura siku hiyo, kijiji chenye watoto wengi kitachukua viti vyote, na makundi hayo yatabaki hadi wamalize. Afadhali muwe na wasimamizi wa muda wanaobadilishana kila wiki mbili, kila mtoto apate zamu, kisha kura zipigwe karibu na likizo fupi ya katikati ya muhula. Kwa wakati huo watakuwa wameona nani huamka mapema na nani hupiga domo tu. Kura iwe ya siri, kampeni iwe ya siku chache, hotuba isizidi dakika tano, na peremende, mikate na pesa vikatazwe kabisa. Tunaliambia hili hasa ninyi wazazi. Wako wanaowatumia watoto pesa za kampeni kwa simu ya mwalimu, wakidhani wanamsaidia kijana. Mnamfundisha nini?

Katika shule ya wavulana na wasichana, wekeni mapema kwamba mwenyekiti na makamu wake wasiwe wa jinsia moja. Wengine husema ati wasichana hawapendi kusimama. Hawapendi kuzomewa, hilo tu. Na mtoto mlemavu asipewe kiti cha huruma; apigiwe kura kama wengine, halafu chumba cha mkutano kiwe mahali anapoweza kufika.

Viongozi wa mwaka wa kwanza wasibadilishwe wote kwa pamoja. Nusu wabaki mwaka wa pili ili wawafundishe wapya. Wakifika Gredi ya 12 wakabidhi mapema, wapate nafasi ya kusoma kwa mitihani ya mwisho.

Wakati timu inafungwa

Tumeacha michezo na burudani mwisho, na si kwa sababu ni kitu kidogo. Shule mpya itafungwa. Itaenda kucheza na shule ya jirani yenye miaka arubaini na kocha, na itarudi na mabao sita. Hapo ndipo utaujua moyo wa shule, kwa kuangalia kama lori au matatu inarudi na wimbo au na matusi. Kamati nzuri hupanga mashabiki kabla ya mechi, hupanga maji ya wachezaji, na huhakikisha aliyefungisha bao hali chakula cha jioni peke yake.

Muziki na ngoma ni njia nyingine, nao haungoji maabara ijengwe. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na ndani yake shule isiyo na kitu ila sauti na ngoma za nyanya zao inaweza kusimama mbele ya shule tajiri bila aibu.

Na miti. Katika shule ya St. Patrick's, Iten, iliyoanzishwa 1961 na mabruda kutoka Ireland, mnajua sifa yake ya mbio. Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 huko Seoul mwaka wa 1988, alisoma hapo. Shuleni humo kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanariadha wake walioshinda duniani. Mtoto mgeni hupita chini ya miti hiyo kila siku akienda darasani. Shule mpya haina bingwa bado, lakini mche ni shilingi chache. Darasa la kwanza na lipande miti yake, kila kamati mstari wake, na wanaokuja wapewe kazi ya kuimwagilia.

Kanisa kama mfadhili lina viti vitatu katika bodi. Tungependa wawakilishi wetu wavitumie kwa jambo moja la ziada: siku mwakilishi wa wanafunzi anapoingia, apewe nafasi ya kusema mapema katika mkutano, siyo saa kumi na moja jioni wakati wazee wanatafuta kofia zao. Akisoma ripoti yake, aulizwe maswali kama wengine. Na akirudi shuleni, asiulizwe na mtu ofisini kwa nini alisema aliyosema.

Kisha itakuja ile siku kundi la pili linapofika langoni na masanduku. Kwa shule mpya siku hiyo ni kubwa kuliko ya ufunguzi, hata kama hakuna mgeni wa heshima. Baraza lipange wiki moja kabla: nani atasimama langoni, nani atabeba godoro la mtoto aliyekuja na nyanya yake, nani ataonyesha vyoo na maji, na nani atakaa nao usiku wa kwanza bwenini taa zikizimwa. Hapo ndipo lile darasa la kwanza litakapokuwa wakubwa kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima walikuwa hawana wa kuwaonea wala wa kuwaonyesha njia. Mwalimu mlezi akae mbali kidogo siku hiyo na aangalie.